Vibati Mia na Thelathini

Marhoun bin Hamdun hakuwahi kumpiga swala risasi hata siku moja. Bunduki aliishika kama mwanamume aliyepakatishwa mtoto mchanga wa watu, kwa adabu na kwa hofu, huku akitafuta wa kumrudishia. Lakini mwenyewe alikuwa akisema, tena bila kutafuna maneno, kwamba katika baridi ya mwaka mmoja tu aliua swala mia na ishirini na sita. Wageni walicheka, wakidhani mtu mzima anapiga porojo. Watu wa Falaj Sidra hawakucheka, kwa sababu walikuwepo.

Falaj Sidra ni kijiji kilichojibana baina ya mlima na bonde, ukitoka Ibra kushika njia ya kwendea Sur. Miaka ile ya sabini kilikuwa na nyumba mia na thelathini, mfereji mmoja wa maji, msikiti, na liwali mdogo aliyeletwa na serikali mpya kuwaweka watu sawa. Marhoun hakuzaliwa hapo. Babake aliondoka pande hizo akiwa kijana asiye na ndevu, akaenda Tabora kununua nta na asali, akaoa huko na akazikwa huko. Mwana akakua anasema Kiswahili cha bara na Kinyamwezi cha sokoni, na Kiarabu anakijua cha kusomea Kurani tu. Ukubwani akapata ukarani katika ofisi ya Bwana Nyama, ofisi ya wanyama wa porini, na kwa miaka kumi na minne akawaandikia wawindaji leseni kwa mwandiko ambao hata walionyimwa leseni waliusifu.

Mwaka wa sabini na mbili, Oman ilipofungua mlango na kuwaita watu wake warudi, Marhoun alimchukua mkewe Turkiya na watoto wanne, akaja kwenye kijiji cha babake asichokijua. Turkiya alikuwa mzaliwa wa Unguja mjini, na tangu siku ya harusi kazi yake moja ilikuwa kumsahihisha mumewe Kiswahili. Mnyama huyu wa habari yetu, kwa Turkiya ni paa. Kwa Marhoun ni swala. Kwa majirani ni dhabi. Walibishana mpaka uzeeni na hakuna aliyeshinda. Hapa tumeshika la mume, maana habari ni yake.

Liwali alimwajiri Marhoun kuandika karatasi. Kazi yenyewe ilikuwa ya muda. Aliahidiwa kwamba akifanya vyema miaka miwili, itakuja barua kutoka Maskati ya kumthibitisha, na mwenye barua ile ana mshahara wa kudumu na nyumba ya serikali. Wakati huo yeye na watu wake watano wakikaa vyumba viwili vya kuazima, na mwenye vyumba alikuwa ameshaanza kuuliza kwa upole watahama lini. Kwa hiyo barua ile ilikuwa kila kitu. Turkiya alikuwa ameshaamua hata pazia zitakuwa rangi gani.

Sasa, bonde la Falaj Sidra lilikuwa na swala. Si wengi wa kujaza macho, lakini walikuwepo, na wenye kuwawinda kwa ustadi walikuwa watu kumi na mmoja tu. Mkubwa wao alikuwa Thuwaini, mtu mwembamba mwenye macho ya kuona mbali, aliyewahi kukaa Mkoani, Pemba, miaka tisa akitia karafuu kwenye magunia, akarudi kwao na Kiswahili chake. Watu hawa hawakuwa na sheria iliyoandikwa. Walikuwa na haya tu: jike mwenye mtoto hapigwi, na mtu akishapata watano kwa mwaka anatosheka. Shida ikaja na magari. Kila Alhamisi magari ya watu wa mbali yalikuwa yakiingia bondeni, watu wakipiga bunduki madirishani, wakijaza nyama nyuma na kuondoka bila hata kusalimia.

Wawindaji wakamshitakia liwali. Liwali akauliza barazani, nani anayejua lolote katika mambo haya? Marhoun akanyanyua mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ahamie kijijini kujua kitu ambacho wengine hawakijui, na si haki kumlaumu kwa kufurahi.

Sheria aliyoitunga ilikuwa safi. Asiye na kibati, kipande cha bati chenye namba, hawindi. Kibati kimoja, swala mmoja. Na kwa kuwa nchi ni mpya na haki lazima ionekane, kila nyumba itapata kibati chake, bure, maskini na tajiri sawasawa. Ukimpata mnyama unamfunga kibati kwenye pembe kabla hujamnyanyua, kisha unaleta kichwa ofisini kiandikwe. Usipompata, mwisho wa majira unakirudisha kibati kitupu, barazani, mbele ya watu wote, ili pasiwe na wa kuficha. Kifungu hiki cha mwisho ndicho alichokipenda zaidi. Alikisoma mara mbili.

Vibati alivikata mwenyewe kwenye madebe ya samli, akavichukua mpaka Nizwa kwa fundi wa shaba, akakaa naye siku nzima akimsimamia agonge namba moja baada ya moja, kutoka moja mpaka mia na thelathini. Hesabu alikuwa nayo kichwani. Tabora, watu kumi wakikata leseni, watatu ndio hupata mnyama. Wengine hurudi na miba miguuni na hadithi mdomoni. Kwa hesabu hiyo vibati mia na thelathini ni swala arubaini au chini yake. Kwa mtu aliyekaa miaka kumi na minne katika kazi ile, hesabu hii haikuhitaji kupigwa mara mbili, na Marhoun hakuipiga mara mbili.

Liwali aligawa vibati kwa mkono wake, baada ya kahawa na halua. Wazee walivipokea kwa mikono miwili. Bi Hamda, mjane asiyeona jicho moja, alimtuma mtu ampokelee. Akapata namba kumi na tisa, akaitundika ukutani kando ya tasbihi yake. Watu wa Falaj Sidra walikuwa hawajawahi kupewa kitu na serikali. Walikuwa wamezoea kutoa.

Na ilifaa. Magari yalikuja Alhamisi ya kwanza, yakakuta askari wawili wa liwali kwenye mdomo wa bonde wakiuliza kibati. Yakaja Alhamisi ya pili machache. Ya tatu hayakuja. Marhoun akawa mtu. Waliokuwa wakimwita "yule wa Afrika" wakaanza kumwita kwa jina lake, na msikitini akaanza kuachiwa nafasi safu ya mbele.

Vichwa vikaanza kuja ofisini. Marhoun alikuwa na daftari lenye mistari ya wima aliyoipiga kwa rula: namba, jina la nyumba, tarehe, mahali, dume au jike. Wiki za kwanza mstari wa mwisho ulikuwa dume, dume, dume. Wiki za mwisho ukawa jike, jike, jike. Karani aliyetengeneza mstari hufurahi mstari unapopata kazi. Marhoun akaandika "jike" kwa mwandiko ule ule mzuri, akapuliza wino ukauke, akafunga daftari.

Thuwaini alileta vichwa kumi na saba. Kila kimoja na kibati chake, na kila kibati cha nyumba ya watu wengine. Watu wasiojua kushika bunduki walikuwa wamemwendea mlangoni mmoja mmoja, na kwao huko mtu akikuomba na unaweza, humwambii hapana.

"Ami Thuwaini, umefanya kazi," Marhoun alimwambia.

"Nimefanya," Thuwaini akajibu. Hakukaa kunywa kahawa.

Nyumba ya Marhoun nayo ilikuwa na kibati, namba sabini na moja. Alikuwa hana nia ya kukitumia. Lakini jirani yake Mahrous alimwonea huruma, mtu mzima mwenye sheria yake mwenyewe aende akarudishe kitupu mbele za watu! Akaenda bondeni kimya kimya, akarudi na dume mzuri mabegani, kibati kikining'inia kwenye pembe. Turkiya akapika pilau, sahani zikaenda nyumba saba. Marhoun alikula akashiba, akamwombea Mahrous dua ndefu.

Siku ya kurudisha vibati baraza lilijaa. Vitupu vilikuwa vinne tu. Watatu wenye vibati hivyo walikuwa safarini, vyao vikaletwa na ndugu zao. Wa nne alikuwa Khelef, kijana wa makamo aliyevunjika mguu siku za mwanzo wa baridi. Alikuja na gongo lake, kutoka mlangoni mpaka mbele ya liwali, na baraza zima likamtazama. Alikuwa amejifunika nusu ya uso kwa ncha ya kilemba. Akakiweka kibati juu ya mkeka, akageuka, na mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Mkono mtupu haulambwi." Khelef alisikia. Marhoun naye alisikia, lakini wakati huo huo liwali alikuwa ameshaanza kumsifu.

Vibati mia na thelathini vimetoka na mia na thelathini vimerudi, alisema liwali; hata Maskati hawana utaratibu kama huu. Mwaka ujao vitakuwa mia mbili, na vijiji vya jirani vitaingia. Barua ya Marhoun itasomwa hapa hapa baraza la mwezi ujao. Kilichobaki ni kitu kimoja kidogo: wakubwa wataka kujua bondeni wamebaki swala wangapi. Marhoun aandike.

Angeweza kuandika. Makarani wengi wangekaa pale pale mezani, wakatazama dari, wakaandika mia nne. Marhoun akavaa viatu. Hapo ndipo pa kumwekea mtu huyu heshima yake ya kwanza, kabla hata hajajua anakwenda kuona nini. Alimwomba Thuwaini afuatane naye, wakachukua tende, maji na blanketi, wakaingia bondeni siku tatu.

Siku ya kwanza hawakuona mnyama. Siku ya pili asubuhi waliwaona majike wawili, mbali, wakikimbia kabla hata hawajatazamwa vizuri. Marhoun akauliza labda wamehama.

"Swala hahami kama Mswahili," Thuwaini akasema, na akacheka kidogo kumwondolea uchungu. "Njoo nikuonyeshe."

Akampeleka baina ya migunga miwili. Chini palikuwa na rundo la kinyesi, punje ndogo kama buni. Thuwaini akachuchumaa. Akamweleza kuwa dume ana choo chake. Harudi pengine, kila siku hapo hapo, na hivyo ndivyo anavyowaambia madume wengine kuwa hapa pana mwenyewe. Punje zikiwa nyeusi na zinang'aa, mwenyewe amepita jana au leo. Hizi zilikuwa za kijivu, na mchwa wameshazipitia.

"Hapa alikuwapo dume mwenye pembe iliyopinda," Thuwaini akasema. "Namba sitini na nne."

Wakaenda mbele. Rundo jingine la kijivu.

"Kumi na tisa. Wa Bi Hamda. Huyu nilimpiga mie."

Wakaenda. Thelathini na mbili. Mia na nane. Tano. Thuwaini alikuwa akizitaja namba taratibu, hana hasira, kama mtu anayewaonyesha wageni makaburi ya jamaa zake. Kwenye rundo la saba, chini ya jiwe lenye kivuli, hakusema kitu.

"Na hapa?" Marhoun akauliza.

"Hapa tuondoke tu."

"Ami, nambie."

"Sabini na moja," Thuwaini akasema.

Marhoun akakaa chini, pale pale, kando ya choo cha mnyama aliyemla kwa pilau. Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwisho akasema, na sauti ilikuwa karibu ya kugomba, "Ulijua! Siku zote hizi ulijua. Kwa nini hukunambia?"

"Mie?" Thuwaini akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Ya Marhoun, sie tulijua tunavyojua, watu kumi na mmoja wasiokwenda skuli. Ukaja wewe na karatasi, na muhuri, na vibati vya namba. Mia na thelathini. Tukakaa tukasemezana: wallahi sisi tunaona swala wachache, lakini sarkali imetoa mia na thelathini, basi sarkali imewahesabu. Wako mahali hatupaoni. Tulidhani mmewahesabu, yakhe."

Marhoun aliokota punje moja ya kijivu, ikamvunjikia vidoleni.

"Kwani hamkuwahesabu?"

"Nilihesabu nyumba," Marhoun akasema.

Thuwaini akakaa chini kando yake. Kisha akasema kwa upole, maana alikuwa muungwana, "Na kile kibati, si cha kurudisha kitupu. Amekupa liwali kwa mkono wake. Utakwendaje mbele za watu kumwambia, chukua zawadi yako, nimeshindwa nayo? Bi Hamda alilia kwangu. Mwanamke ambaye hata nyama hawezi kutafuna."

Siku ya tatu waliona majike wawili wengine na dume mmoja mchanga, pembe zake bado fupi. Jumla watano. Marhoun aliandika "watano" kwenye kijitabu chake, na huo ndio mwandiko pekee wa maisha yake usiosomeka vizuri.

Alirudi nyumbani, akamweleza Turkiya yote, tangu migunga miwili mpaka jiwe la kivuli. Turkiya alikuwa akishona. Akaendelea kushona mpaka akafika mwisho wa uzi. Alikuwa amefahamu haraka kuliko alivyotaka. Mumewe akisema haya barazani, hakuna barua. Asiposema, mwakani vinatoka vibati mia mbili, na wale watano hawatafika hata Ramadhani.

"Huwezi kumwambia liwali faraghani?" aliuliza.

"Nikimwambia faraghani atanisitiri. Ataandika swala wamehama, na watu watabaki wakidhani swala wamehesabiwa."

Turkiya akakata uzi kwa meno. "Umekwishavuliwa nguo, Baba Azza. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nenda kayaseme. Lakini uyaseme mwenyewe, kwa Kiarabu chako hicho hicho kibovu. Usimtume mtu akusemee." Halafu akaongeza, kwa hasira, "Na mimi pilau ile nisingeipika, lau ningejua." Akalia. Alilia kwa ajili ya pazia, na kwa ajili ya paa, na hakuona haya kuchanganya.

Baraza la mwezi ule lilikuwa kubwa kuliko yote, maana wageni wa vijiji vya jirani walikuja kusikiliza habari za vibati. Mkoba wa liwali ulikuwa magotini pake, na kila mtu alijua ndani yake mna barua. Marhoun aliitwa asome ripoti. Akasimama na karatasi, kisha akaikunja, akasema kwa kichwa.

Kiarabu chake kilikuwa kibaya kweli. Alichanganya maneno ya kike na ya kiume, akawafanya swala kuwa wanawake na vibati kuwa wanaume, na watu wa nyuma wakaanza kucheka. Akaendelea tu. Vibati vilivyotoka ni mia na thelathini, alisema. Waliokufa ni mia na ishirini na sita. Walio hai niliowaona kwa macho yangu ni watano. Hapo kicheko kikakatika.

"Mwenye kosa si mwindaji," akasema. "Kila mmoja wenu alifanya nililomwambia. Mlidhani nimewahesabu swala. Mimi nilihesabu milango yenu. Nikaweka na sharti la kurudisha kitupu mbele za watu, nikawafanya muone haya kuacha. Zamani wenye kuua walikuwa kumi na mmoja. Mimi niliwafanya mkaua nyote. Na namba sabini na moja nilimla mwenyewe."

Khelef wa mguu alikuwa amekaa karibu na ukuta. Alinyanyua uso wake taratibu, mzima, bila kilemba, akamtazama Marhoun kama mtu aliyesomewa jina lake katika orodha ya waliofaulu.

Liwali alikuwa amekunja uso. "Nani aliyekwambia uyaseme haya hapa?"

"Hapana mtu."

"Unajua barua yako imo humu?"

"Najua, bwana."

Liwali alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya uwezo wake. Akasema mwaka ujao hakuna vibati, wala bunduki bondeni, yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kukatazwa. Lakini alikuwa pia mtu aliyeaibishwa mbele ya wageni. Mkoba haukufunguliwa. Baada ya miezi miwili kazi ya Marhoun ikaisha, kama kazi za muda zinavyoisha, kwa asante na kwaheri.

Mtu asidhani kijiji kilimbeba mabegani. Wapo waliomnunia mwaka mzima kwa kukosa nyama, na wapo waliosema Mwafrika alikuja na uganga wake akaua wanyama wa watu. Mahrous hakumsalimia miezi mitano. Alichoona yeye ni kuwa wema wake umetangazwa barazani kama dhambi. Marhoun alimwendea mlangoni kila Ijumaa, akatoa salamu, akajibiwa kwa kichwa, akarudi. Mwezi wa sita Mahrous akachoka, akamwambia ingia.

Kazi alipata Nizwa, kupima na kufunga tende kwa mfanyabiashara mmoja. Alikuwa akikaa huko siku sita na kurudi nyumbani Alhamisi, garini amejibana na magunia. Turkiya akaanza kupika mikate ya ufuta na vitumbua, na kila Jumatano akaenda Ibra kwenye soko la wanawake, ambako Kiswahili chake kilimpatia wateja kuliko ufuta wake. Walihamia chumba kimoja badala ya viwili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini bila koleo uhunzi huwa mgumu, na miaka sita walifanya kazi ile ngumu bila kumlaumu mtu, ila siku mojamoja wao kwa wao.

Katika miaka ile Marhoun hakuacha jambo moja. Kila baridi alikuwa akiomba ruhusa siku tatu kwa mwenye tende, akaingia bondeni na Thuwaini, wakahesabu vyoo vyenye punje nyeusi. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Mwaka wa kwanza waliona swala saba. Wa tatu, kumi na mmoja. Wa sita, ishirini na wanane, na Thuwaini akakiri kuwa macho ya karani yameanza kufaa.

Mwaka wa themanini na moja serikali ilikuwa imeshapiga marufuku kuwinda swala kila mahali, na ikataka walinzi wa kuwatunza, watu wa huko huko wanaoijua nchi. Akaja Falaj Sidra kijana mmoja wa wizarani, Humoud, na faili kubwa, akawakusanya watu barazani. Alitaka majina matatu. La kwanza likawa Thuwaini, hata halikujadiliwa. La pili Khelef, ambaye mguu ulipona na akawa mpandaji milima hodari. La tatu, Thuwaini akasema, "Marhoun bin Hamdun. Yuko Nizwa kwenye tende. Aitwe."

Humoud akafungua faili, akapekua, akasita. "Huyu yumo humu. Imeandikwa aliachishwa. Imeandikwa ni yeye aliyesababisha swala zaidi ya mia wauawe katika bonde hili."

"Ni yeye," Thuwaini akasema.

"Si mwindaji, umri umekwenda, anavaa miwani. Na faili lake ni baya. Mnamtaka wa nini?"

Barazani kulikuwa na wanaume kama sitini, na Mahrous alikuwa mmojawao. Ndiye aliyejibu, kabla ya Thuwaini.

"Mwanangu, sisi tumeletewa watu wengi na wakubwa, zamani na sasa. Wote walitukosea. Walipotukosea walipanda magari wakaenda zao. Huyu alitukosea akasimama hapo ulipokaa wewe, akatwambia, na ilimgharimu nyumba yake."

Humoud akashika kalamu lakini hakuandika. "Na akikosea tena?"

"Atakuja kutwambia," Thuwaini akasema. "Andika."